Magego Mawili ya Baba Mkwe

Kazi yangu ni kufungua midomo. Mimi ni afisa mifugo, na kwa miaka mingi nimeizunguka wilaya ya Momba, kuanzia minada ya huku juu hadi kule bondeni Ivuna wanakochemsha chumvi, mkono mmoja umeshika pua ya ng'ombe na mwingine unampanua taya. Mfugaji anaweza kuniapia kwamba dume lake lina miaka mitatu. Mimi nachungulia meno ya chini ya mbele, naona yapi yamebadilika na yapi yamesagika, kisha namwambia umri wa kweli mbele ya mnunuzi. Wengi hununa. Baadaye hao hao hunipigia simu niwasindikize mnadani wanapokwenda kununua.

Kwa hiyo nikiambiwa habari ya meno, siogopi. Mdomo mmoja tu ndio ulionishinda, nao haukuwa bondeni. Ulikuwa nyumbani kwangu Tunduma, chumba cha uani, na mwenye nao alikuwa baba mkwe wangu.

Mume wangu ni Mndali wa Ileje, kutoka Mbebe. Mimi ni Mnyamwanga wa hapa hapa Tunduma, nusu ya ndugu zangu wako ng'ambo ya geti la mpaka, upande wa Zambia. Heshima ya ukwe kwetu ipo, lakini kwa akina mume wangu, au niseme katika ukoo wao, ni jambo zito. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hapiti naye njia moja bega kwa bega. Hali mbele yake, na yeye mzee hali mbele ya mkwewe. Mdomo wa mtu mzima ukiwa wazi ni kama mlango wa chumbani kwake, haufunguliwi na mkamwana.

Nilipoolewa nilitaka kucheka. Mama mkwe akanikalisha chini jikoni akanifundisha. Ukiwa na neno la kumwambia baba, akasema, liambie jiwe la kusagia, uliambie mlango, yeye atasikia. Akaniambia pia kwamba mwiko huo una mwisho. Siku mzee mwenyewe akiona imetosha, humpa mkwewe kuku aliye hai, na tangu siku hiyo wanatazamana na kula pamoja. Wengine huingia kaburini hawajamtoa kuku huyo. Baba mkwe hakuwahi kunipa, na mimi sikukasirika, ingawa ni mwepesi wa hasira. Kuku wa namna hiyo haombwi.

Tangu mama mkwe afariki, mzee huja kukaa nasi baada ya mavuno. Mwaka ule alipokuja, ugonjwa wake niliuona kwenye sahani kabla ya mtu yeyote kuuona usoni. Desturi yangu ni kumwekea chakula juu ya stuli nje ya mlango wake, kubisha, kuondoka, kisha kurudi kuchukua vyombo. Ugali ulikuwa umeliwa wote. Mchuzi umekaushwa. Lakini nyama ilikuwa imerudi, vipande vimefinyangwa vikawa vidonge vyeupe, vimepangwa ukingoni mwa sahani kwa aibu. Ng'ombe mwenye gego bovu hufanya hivyo hivyo. Anatafuna majani nusu, anayatema, na asubuhi unakuta vidonge zizini. Sihitaji kumshika kumjua.

Siku za mahindi ya kuchoma, gunzi lake lilirudi limenyolewa kwa kisu, mistari imenyooka kabisa. Chai aliiacha ipoe mpaka ikaota utando. Halafu ikaja habari ya chumvi. Kila nikishuka Ivuna narudi na mabonge ya chumvi ghafi kwa ajili ya mbuzi wangu uani. Bonge moja likawa linapungua upande mmoja, limekwanguliwa kwa ncha ya kisu. Mbuzi hawatumii kisu. Nikaelewa kwamba mzee alikuwa akiijaza ile chumvi kwenye tundu la jino, usiku na mchana, na kwamba angeendelea hivyo mpaka taya lioze, kwa sababu mtu pekee wa kuambiwa ndani ya nyumba ile alikuwa mimi, na mimi siambiwi.

Nikampigia mume wangu. Yeye anaendesha lori la shaba, na siku hizo alikuwa amekwama kwenye foleni huko Kongo. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliye mbali na tatizo, kwamba nimpeleke baba hospitali. Nikamuuliza kama anataka nimshike baba yake taya kama maksai. Akacheka sana. Mwambie mlango, akasema, simu ikakata.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza vitenge vya pande zote mbili za mpaka, naye alikuwa na dawa yake. Kuna fundi wa meno ng'ambo, Nakonde, alisema, unaingia na jino unatoka bila jino, na ukitaka anakuwekea la dhahabu. "Mayo, vuka tu," akanihimiza, kwa kuwa hapa mjini hata wasio Wabemba huitana hivyo, yaani mama, biashara ikinoga. Nikamwambia bima yangu inaishia kwenye geti. Ukivuka ng'ambo, ile kadi ni picha tu ya mtu asiyecheka. Halafu sikutaka mzee atoke bila jino. Hapo ndipo penyewe, na nitaeleza.

Mama mkwe, kabla hajafa, aliwahi kuniambia kwamba mzee ameng'oa karibu magego yote. Zamani jino likiuma dawa ilikuwa koleo, likiuma jingine, koleo tena. Yalibaki magego mawili tu ya kulia, moja juu na moja chini, yanayokutana. Watu hudhani jino ni kitu cha peke yake. Si kweli. Jino hufanya kazi na mwenzake kama jiwe la kusagia na kijiwe chake. Ukitoa la chini, la juu linabaki mapambo. Mzee akipoteza moja, amepoteza yote mawili, na kuanzia hapo ni uji mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshaona nguo zake kwenye kamba, mkanda una tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. Mzee mrefu vile alikuwa anaisha, mimi namwekea nyama kwenye stuli.

Kadi yake ya bima ilikuwepo tangu zamani. Mimi ni mtumishi wa umma, nakatwa kila mwezi kwenye mshahara, na mpango wetu unaniruhusu kuandikisha wategemezi, wakiwemo wazazi na wakwe. Nilimwandikisha mwaka ule ule nilioajiriwa. Aliipokea kadi, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka sandukuni. Hakuwahi kuitumia hata kwa malaria. Nilidhani ni kiburi cha milimani. Nilikosea, lakini sikujua bado.

Asubuhi moja nikasimama nje ya mlango wake nikauambia mlango kwamba leo tunakwenda hospitali, kwamba pikipiki zimefika, na kwamba mlango usijaribu kubishana nami kwa sababu nimeomba ruhusa kazini. Halafu nikasikia sanduku likifunguliwa.

Tulikwenda na bodaboda mbili. Mimi mbele, yeye nyuma, ili tusipite bega kwa bega, tukipenya katikati ya malori yaliyolala barabarani kusubiri mpaka. Dereva wangu aliuliza kwa nini mzee asipande na sisi, mishikaki, tuokoe nauli. Nikamwambia atazame mbele. Tulipita kwanza kituo cha afya, mganga wa pale akamchungulia, akaandika rufaa ya kwenda kwa daktari wa kinywa na meno. Hilo watu wengi hulikosea. Wanakwenda moja kwa moja hospitali ya juu bila rufaa, wanakataliwa dirishani, wanarudi nyumbani wakilaani bima. Ikiwa ni dharura, umeumia au umevimba shingo, unapokelewa popote. La sivyo unapanda ngazi moja moja.

Dirishani ikaja kazi ya kidole. Siku hizi kadi peke yake haitoshi, lazima mwenye kadi aweke kidole kwenye kimashine kithibitishe kwamba ni yeye. Dole gumba likakataa. Cha shahada kikakataa. Vidole vya mtu aliyelima maharage na kahawa kwenye miteremko ya Mbebe tangu utotoni vimefutika mistari, vimekuwa laini kama mpini wa jembe. Binti wa dirishani akasema kwa upole tujaribu kesho. Nikasema hakuna kesho. Nilimwomba maji ya uvuguvugu, nikayaweka mezani na kurudi nyuma, mzee akanawa mwenyewe, akajifuta, akajaribu tena kimoja kimoja. Mwishoni kilisomeka kidole kidogo cha kushoto, kile ambacho hakijawahi kubana mpini wowote. Mzee alikitazama kidole chake kwa mshangao.

Daktari alikuwa kijana wa pwani, mpole, anaamkia kila mtu shikamoo mpaka wagonjwa wanasahau maumivu. Msaidizi wake alikuwa muuguzi mtu mzima, mwanamke wa Isongole, kule kule Ileje. Chumba chao kilikuwa na kiti kimoja cha kulaza mgonjwa, taa, na pazia la kijani. Mzee akaingia. Mimi nikabaki upande wa pili wa pazia, nimekaa kwenye benchi, nimegeukia ukuta.

Daktari akaita ndugu wa mgonjwa aingie aelezwe. Sikuingia. Akaita tena. Nikasikia yule muuguzi akimuuliza mzee jambo kwa Kindali, mzee akajibu neno moja, na muuguzi akamweleza daktari kwamba huyo aliye nje ni mke wa mwanawe, haingii, na daktari azungumze kwa sauti ili pazia lisikie. Daktari, namshukuru mpaka leo, akapaza sauti.

Alieleza kama mwalimu mzuri. Walipiga picha ya jino, akaisoma. Lile gego la chini lilikuwa limetoboka mpaka ndani kwenye mshipa wa fahamu, na jipu dogo lilikuwa limeanza chini ya mzizi. Angekuja mapema, akasema, lingezibwa tu, siku moja, ganzi kidogo, wanachimba palipooza wanajaza, anakwenda nyumbani. Sasa kuziba juu juu ni kufungia moto ndani ya nyumba. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza kung'oa, leo hii, limekwisha. Ya pili kutibu mzizi. Wanaingia ndani ya jino, wanatoa mshipa uliokufa, wanasafisha vijia vya mizizi, wanaweka dawa, wanafunika kwa muda. Anarudi wanasafisha tena. Likitulia wanaziba moja kwa moja. Jino halina uhai tena lakini linasimama na linatafuna. Ya pili ni ndefu, inataka subira na safari.

Nikaliuliza pazia bima inasemaje. Muuguzi akarudisha majibu. Kung'oa, ndiyo. Kuziba, ndiyo. Picha, ndiyo. Kutibu mzizi, ndiyo, ila daktari aandike sababu. Kusafisha ugaga ulioganda kwenye meno, ndiyo, kwa kuwa fizi zake zinaumwa. Angetaka meno yawe meupe ya kupigia picha harusini, hapana. Jino la dhahabu, hapana. Ile kofia ngumu wanayovisha jino lililotibiwa mzizi, mpango wetu hauilipii. Meno bandia ya kuvaa na kuvua, mpaka kiombwe kibali kwanza. Nikaridhika. Nilichokitaka kilikuwa kwenye ndiyo.

Ndipo baba mkwe akasema kwa Kiswahili, sauti nzima, ili kila mtu asikie.

"Ng'oa."

Daktari akamuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa sana, ana masikio, ng'oa. Nikasikia kigari cha vifaa kikisogezwa. Nikasikia mfuniko wa sindano ya ganzi. Jasho likanitoka mgongoni, kweli linanitoka hata sasa nikiandika. Nimeona mikuki ya wafugaji waliogombana malishoni, nimekanyagwa na fahali, lakini sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa ile sauti ndogo ya chuma kwenye sinia. Dakika chache tu, na mzee wangu angetoka pale mtu wa uji.

Nikasimama. Sikuingia. Nililishika pazia kwa mkono mmoja, kama ninavyomshika ng'ombe pua, nikasema nalo.

"Pazia, mwambie baba kwamba nauliza kwa nini."

Muuguzi hakuhitaji kurudia, maneno yalishafika. Mzee alikohoa. Kisha akaanza kumjibu muuguzi, na muuguzi akamwacha aseme mwenyewe.

"Mwambie mama wa wajukuu wangu," alisema mzee, "kihenge si changu. Anaweka yeye kila mwezi, kwa jasho lake. Nikikaa mimi mzee nachota, nachota, jino moja siku zote hizo, watoto wakiugua watakuta nini ndani? Kung'oa ni kuchota mara moja. Basi."

Hapo ndipo nilipoelewa lile sanduku na kile kitambaa. Miaka yote alikuwa analinda kihenge. Alikuwa na homa akanywa majani ya mwarobaini, aliumwa mgongo akajikanda, jino limeoza akajaza chumvi ya mbuzi, yote ili wajukuu wakute nafaka. Hata ruhusa ya kulia sikuwa nayo. Ningemwonea huruma angejua, na angeudhika.

Sisi wa huku ndivyo tulivyo. Kila cha pamoja tunakiona kihenge cha nafaka, kina kimo, kina sakafu, na mtu mwenye adabu hachoti mpaka sakafu ionekane. Ningeanza kumsomea vifungu vya bima angelala. Nikatafuta kitu anachokijua. Mbebe wana josho la ng'ombe, na katika kazi yangu nimeogesha mifugo mpaka nikanuka dawa kanisani.

"Pazia," nikasema, "mwambie baba bima si kihenge. Bima ni josho."

Nikaendelea. Nikaliambia pazia kwamba wenye mifugo wote wanachangia dawa ya josho, wa ng'ombe mia na wa ng'ombe wawili. Ng'ombe wa huyu akioga, dawa ya ng'ombe wa yule haiishi. Siku wajukuu wakiugua wataoga josho hilo hilo, limejaa, kwa sababu tunachangia wengi, walimu, mapolisi, waganga, watu ambao baba hajawahi kuwaona. Zipo kupe ambazo josho letu haliziui, hiyo kofia ya jino ni mojawapo, hizo tunajua na tutazitafutia dawa nyingine. Lakini hii josho linaiua. Hii imeandikwa.

Nje lori lilikuwa linapiga honi.

"Muulize," mzee akasema taratibu, "na yule anayechangia halafu haogeshi ng'ombe wake?"

"Huyo, baba, dawa ni ile ile, hapunguziwi mchango wala haongezewi. Anabaki na kupe wake tu."

Nililisema neno baba bila pazia. Lilinitoka. Muuguzi alinieleza baadaye kwamba mzee aligeuza kichwa kwenye kile kiti akatazama lile pazia muda mrefu, na daktari amesimama na sindano hewani hajui aiweke wapi. Halafu mzee akalala vizuri, akaikunja kofia yake kifuani, akasema daktari atibu hilo jino, na likija kuuma asiseme hakuambiwa aling'oe.

Halikuuma sana, kwa kuwa ganzi ilikaa vizuri. Kilichomchosha ni kupanua mdomo muda mrefu, na mlio wa mashine. Kila aliporudi alisimulia habari zake kwa mbuzi uani, na mimi nikiwa jikoni nasikia. Aliwaambia mbuzi kwamba wamemtoa mshipa mwembamba kuliko uzi wa kushonea gunia. Aliwaambia walivyomkwangua ugaga, vipande vikadondoka kama chokaa ya ukuta wa zamani, na kumbe miaka yote alidhani lile ni jino. Siku ya mwisho daktari aliliziba gego kwa nguvu kadiri alivyoweza bila ile kofia, akamkataza mfupa na muwa upande ule. Kuhusu meno bandia, niliomba kibali, kikakubaliwa. Mzee akakataa. Hataki, aliwaambia mbuzi, meno ya kuvua usiku kama viatu. Sikubishana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na sisi ufa tulikuwa tumeuziba.

Sahani zikaanza kurudi zimesafishwa. Nyama imekwisha, mifupa imebaki, haijavunjwa, maana alitii. Nilizitazama sahani zile kwa furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye cheti chochote cha kazi. Kisha akarudi Mbebe kupanda.

Msimu wa mahindi mabichi tulipanda milimani na watoto kwenda kumwona. Baba yao alikuwa safarini tena, kama kawaida. Barabara ya Ileje wakati wa mvua ina matope ya kukata tamaa, tukafika jioni nimechafuka mpaka magoti, nina njaa na hasira na gari lililotukwamia mara mbili. Watoto wakakimbilia kwa babu yao. Mimi nikapita nyuma ya nyumba, njia yangu ya siku zote, kuelekea jikoni kwa wifi yangu ambaye anamtunza.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, amemkumbatia kuku. Jike jekundu, nene, hai, miguu haikufungwa. Hakuniamkia kwanza. Alininyooshea yule kuku.

"Baba amesema huyu ni wako."

Nilimpokea. Nilijua ni nini na bado nikauliza kama ni wa kuchinja leo. Wifi akatikisa kichwa, akaniambia niache kujifanya. Nililia pale pale mlangoni, na matope yangu, nimeshika kuku. Ningependa kuandika kwamba nilijikaza, lakini sikujikaza.

Nikaitwa mbele ya nyumba. Mzee alikuwa amekaa kando ya jiko la mkaa, mahindi yanachomeka, stuli nyingine iko mkabala na yake, tupu. Nikakaa. Sikujua niyaweke wapi macho, yalikuwa yamezoea miguu yake. Akachukua hindi, akalivunja katikati, nusu akanipa. Nusu yake akaipeleka mdomoni upande wa kulia, akauma, akatafuna mbele yangu bila haraka, na nilisikia punje zikipasuka. Kisha akameza, akafuta midomo kwa kiganja.

"Mwanangu," akasema, ananitazama, "wafugaji wa bondeni wanakusifu. Wanasema ukimchungulia ng'ombe mdomoni unataja umri wake. Haya, nisome na mimi."

Akapanua mdomo. Nikainama nikatazama. Kweli nilitazama, kama mtu wa kazi. Fizi tupu kushoto, za waridi, safi. Mbele meno yamesagika. Nyuma kulia yale mawili, la juu njano na la chini lina kiraka kinachong'aa, yamekaa mkabala. Nikamwambia kwamba kwa meno machache kiasi hiki, kitabuni ningemwandika ndama, bado ananyonya.

Akacheka mdomo wazi, karibu kabisa na uso wangu, na mimi sikugeuka.